Mkasi, dripu na neno la mama

Mwishoni mwa mwaka 2014, watafiti wa mradi wa PartoMa walianza kuhesabu kilichokuwa kikitokea katika wodi ya wazazi ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Hesabu ilitisha. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa pale, 59 walizaliwa wakiwa wamekufa. Mnazi Mmoja ndiyo hospitali ya rufaa ya Zanzibar, inapokea walioshindikana kwingine, na baadhi ya watoto hao walikwisha kufa kabla mama zao hawajavuka geti. Wengine waliingia wakiwa hai, moyo unadunda, wakafia ndani ya jengo lenye madaktari, wakunga na chumba cha upasuaji.

Kulikuwa na tarakimu nyingine mbili ambazo mtu akisoma haraka anaweza kuziruka. Ya kwanza: kwa nusu ya akina mama, mara ya mwisho mtu kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto ilikuwa saa mbili au zaidi kabla ya kujifungua. Miongozo inataka mkunga asikilize angalau kila nusu saa uchungu ukishakolea, na kila dakika tano mama anapoanza kusukuma. Ya pili: akina mama 22 katika kila 100 walikuwa wamewekewa dripu ya kuongeza uchungu. Yaani dawa inayokaza mfuko wa uzazi na kumbana mtoto kila unapokaza ilikuwa ikitiririka, huku hakuna aliyekuwa akimsikiliza huyo mtoto.

Walichofanya PartoMa hakikuwa cha ajabu. Waliketi na wakunga na madaktari wa pale pale, wakaandika kijitabu cha kurasa chache kinachoingia kwenye mfuko wa joho, kikieleza la kufanya katika wodi yenye watu wachache na wazazi wengi, kisha wakawa wanaitisha mafunzo mafupi kila baada ya miezi michache. Hawakuleta mashine mpya wala kuongeza wafanyakazi. Baada ya mwaka mmoja watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila 1,000. Waliozaliwa wamechoka, wale wenye alama za chini kabisa dakika chache baada ya kuzaliwa, walishuka kutoka 52 hadi 28. Muda tangu mapigo yasikilizwe mara ya mwisho ukapungua kutoka dakika 120 hadi 74. Na dripu ya uchungu ikashuka kutoka asilimia 22 hadi 12.

Huu ulikuwa utafiti wa kulinganisha kabla na baada, na mtu mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama kulikuwa na mambo mengine yaliyobadilika katikati. Hata hivyo mwelekeo wake ni mgumu kuupuuza: dripu zilipungua karibu nusu, masikio yakaongezeka, na watoto wengi zaidi wakaondoka hai.

Nimeanza Unguja kwa makusudi. Habari ya mwanamke kukataa hili na lile akiwa leba huletwa kwetu kama mtindo wa mitaa ya kitajiri ya Masaki na Karen, wa akina mama wenye bima kubwa, wanaosoma mambo kwenye simu na kufika hospitali na karatasi ya masharti. Nesi wa hospitali ya wilaya akisikia neno hilo hucheka: hapa tunapigania glavu, wewe unaniambia habari za kukataa? Kicheko hicho nakielewa. Lakini kinachofanyika kwa mazoea katika wodi zetu, pasipo kuuliza kama mwanamke huyu anakihitaji leo, mara nyingi kinakaa mahali pa kitu kingine ambacho hakifanyiki, nacho ni kumwangalia. Ndiyo maana naona kukataa kwa mama wa Temeke au Mombasa kuna uzito kuliko kwa mama wa Masaki.

Mkasi ulikotoka

Tuanze na kuongezewa njia, kwa kuwa kila familia ina anayelijua jambo hilo. Mtoto anapokaribia kutoka, msamba unakatwa kwa mkasi, kisha unashonwa. Mama anarudi nyumbani akiwa hawezi kukaa sawasawa, anakalishwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi asubuhi na jioni, na kwa pwani hilo linaongezewa na kukandwa, jambo ambalo juu ya mshono mbichi ni adhabu. Kwa miaka mingi mzazi wa mara ya kwanza alihesabiwa kuwa ni wa kukatwa tu. Swali lilikuwa nani atashona.

Mtu anayetajwa zaidi katika chanzo cha mazoea haya ni Joseph DeLee, daktari wa uzazi wa Chicago. Mwaka 1920 aliandika kwamba uzazi wenyewe ni hatari kama ugonjwa, na akapendekeza mpango mzima wa kuuwahi: mama apewe dawa za kumlaza, msamba ukatwe, mtoto avutwe kwa koleo, kondo la nyuma litolewe kwa mkono wa daktari. Hoja ya kukata ilisikika vizuri. Jeraha lililonyooka hushoneka kuliko lililochanika ovyo, na tishu zikikatwa mapema hazitapata nafasi ya kupasuka hadi kwenye njia ya haja kubwa. Vizazi vya madaktari vilifundishwa hivyo, Marekani, Ulaya, na baadaye katika vyuo vyetu vilivyorithi vitabu vyao.

Miaka zaidi ya 70 ilipita kabla hoja hiyo haijapimwa kwa upana unaostahili. Hospitali nane za umma nchini Argentina ziliwagawa wanawake 2,606 katika makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Kundi moja lilikatwa kwa mazoea, asilimia 83 yao. La pili lilikatwa pale tu palipokuwa na sababu, asilimia 30. Kama DeLee alikuwa sahihi, kundi la pili lingechanika vibaya zaidi. Halikuchanika zaidi: majeraha makubwa yalikuwa asilimia 1.5 kwa waliokatwa kwa mazoea na 1.2 kwa wengine, na maumivu na matatizo ya kupona kwa mshono yalikuwa mengi zaidi kwa wale wa kwanza. Tafiti zilizofuata zikijumlishwa zinaonyesha kwamba kukata pale tu inapobidi hupunguza machaniko makubwa kwa karibu theluthi moja. Mkato wenyewe ndio unaofungua mlango wa kuchanika zaidi, kama ajuavyo fundi nguo yeyote anayetia mkasi kidogo ukingoni kabla ya kurarua kitambaa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa miongozo yake ya huduma wakati wa uchungu mwaka 2018 liliandika waziwazi kwamba kuongeza njia kwa mazoea hakupendekezwi. Katika orodha hiyo hiyo likaweka kunyoa nywele za sehemu za siri, kupiga enema, kupasua chupa ya maji ili tu uchungu uende mbio, kuweka dripu ya maji kwa lengo la kufupisha uchungu, na kule kukandamiza tumbo kwa kiwiko au mkono ili mtoto asukumwe kutoka juu. Kunyoa ndiyo hadithi ya kusikitisha zaidi, au ya kuchekesha, inategemea uko upande gani wa wembe. Tangu mwaka 1922 kulikuwa na utafiti wa Marekani ulioonyesha kuwa hakuzuii maambukizi. Wembe ukaendelea kutembea kwa miongo mingine mingi.

Sentimita moja kwa saa

Dripu ya uchungu ina historia yenye kona zaidi, na ndani yake tumo sisi Waafrika.

Mwaka 1955 daktari kijana wa New York, Emanuel Friedman, alichora mstari wa jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka, akitumia wanawake 500 waliokuwa wakizaa mara ya kwanza. Mchoro wake ukawa kipimo cha dunia, ingawa wanawake wale walikuwa wa wakati na mahali pa aina yake: wengi walilazwa kwa dawa, na zaidi ya nusu ya watoto wao walivutwa kwa koleo. Mwaka 1972 Hugh Philpott na W. M. Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakauchukua mchoro huo wakaufanya chombo cha kazi. Tatizo lao lilikuwa zahanati za mbali zenye wakunga peke yao, na wanawake waliokuwa wakikaa kwenye uchungu siku mbili hadi mfuko wa uzazi unachanika. Wakachora mstari wa tahadhari unaopanda sentimita moja kwa saa, na saa nne kulia kwake mstari wa kuchukua hatua. Ukivuka mstari wa kwanza, mkunga wa zahanati atafute usafiri. Hiyo ndiyo patografu, karatasi ambayo kila mkunga wa Afrika Mashariki ameijaza, au ameijaza baada ya mtoto kuzaliwa ili faili lisiwe na pengo, jambo ambalo wakunga wenyewe wanalijua na hawapendi kuulizwa.

Ule mstari uliobuniwa kumwambia mkunga "msafirishe" ulipoingia hospitali kubwa ulianza kusomeka "mwekee dripu". Sentimita moja kwa saa ikawa sharti la kila mwanamke. Aliyefunguka kwa nusu sentimita aliitwa mzembe wa kuzaa, wakati mwingine kwa maneno hayo hayo.

Kisha WHO ikafanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa mwanzoni, ikawaangalia wanawake wa Afrika. Utafiti uliofanyika katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda na kuchapishwa Januari 2018 uliwafuatilia wanawake 5,606 ambao uchungu wao ulianza wenyewe na wakamaliza salama, wao na watoto wao. Wengi hawakufuata ile sentimita moja kwa saa, hasa kabla ya kufikia sentimita tano, na hawakudhurika kwa hilo. Mwaka ule ule WHO ikasema uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita tano, badala ya nne au tatu za zamani, na kwamba sentimita moja kwa saa isitumike peke yake kuamua kwamba mwanamke anahitaji kuingiliwa. Desemba 2020 ikatoa karatasi mpya ya kuchukua nafasi ya patografu. Kabla ya hapo ilijaribiwa katika vituo vya nchi sita, Kenya na Tanzania zikiwamo. Mstari wa zamani haumo tena. Badala yake mkunga anatakiwa kuandika kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama amekunywa kitu, amekaa mkao gani, na amesaidiwa vipi kwa maumivu.

Kwa mwanamke aliyelala kwenye kitanda cha leba mabadiliko hayo yana maana ya moja kwa moja. Kama njia yake imefunguka sentimita nne, mapigo ya mtoto ni mazuri, presha yake iko sawa na chupa haijapasuka, hakuna kinachomkimbiza. Anaruhusiwa kusema, "Sista, naomba nisubiri kwanza. Nitembee kidogo, halafu unipime tena." Hilo si ukaidi. Kwa miongozo ya leo, yeye ndiye anayeongea kwa mujibu wa kitabu.

Dripu ya uchungu ina kazi yake, na inapohitajika kweli huokoa mama asifikie kisu. Lakini ni dawa yenye meno. Ikitiririka kasi, mfuko wa uzazi haupumziki kati ya uchungu mmoja na mwingine, na mtoto anakosa hewa. Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa mara nyingi, au mwenye kovu la upasuaji wa zamani, mfuko unaweza kuchanika. Ndiyo sababu anayewekewa anatakiwa kuangaliwa kwa karibu kuliko asiyewekewa. Katika wodi ambayo mkunga mmoja ana wanawake kadhaa kwa mkupuo mmoja, hapo ndipo penye kitendawili: dripu huwekwa kwa sababu hakuna muda, na yenyewe ndiyo inayodai muda zaidi.

Lala chali

Kulala chali nako kuna asili, na asili yenyewe ni Ufaransa ya karne ya 17, wakati wanaume walipoanza kuingia katika kazi ya ukunga. François Mauriceau, katika kitabu chake cha mwaka 1668, alisifu kitanda kuliko kiti cha kuzalia. Bibi zetu walizaa wamepiga magoti, wamechuchumaa, wameshika kamba au wameegemea kifua cha mwanamke mwingine. Mkao wa chali unamfaa anayezalisha. Kwa anayezaa, mfuko wenye mtoto hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mama huona kizunguzungu huku damu inayomfikia mtoto ikipungua. WHO inapendekeza mama mwenye uzazi wa kawaida achague mkao wake na ahimizwe kutembea. Wakunga wengi wamefundishwa kupokea mtoto kwa mkao mmoja tu, hivyo mama anayeomba kupiga magoti anamwomba mkunga afanye kitu ambacho mikono yake haijawahi kukifanya. Hilo ni suala la vyuo vya ukunga zaidi kuliko la huyu sista wa zamu ya usiku.

Kuhusu chakula umaskini wetu umetusaidia bila kutarajia. Huko Marekani, baada ya daktari Curtis Mendelson kueleza mwaka 1946 jinsi wanawake waliopewa dawa ya usingizi walivyovuta matapishi mapafuni, mamilioni ya wazazi walizuiwa kula na kunywa hadi wajifungue. Katika takwimu zake mwenyewe ilitokea mara 66 katika wazazi zaidi ya 44,000, na waliokufa walikuwa wawili. Kwetu chupa ya chai na uji kutoka nyumbani viliendelea kupita dirishani, na leo WHO inasema mwanamke asiye na hatari maalumu ale na anywe. Mashangazi walikuwa sahihi.

Kwenye hospitali binafsi za Nairobi na Dar es Salaam kinachofungwa tumboni ni mikanda ya mashine ya kupima mapigo ya mtoto mfululizo. Mama huambiwa asitembee, mikanda itahama. Utafiti wa Dublin wa mwaka 1985, wenye wanawake karibu 13,000, ulilinganisha mashine hiyo na mkunga anayesikiliza kwa vipindi. Mashine ilipunguza degedege la watoto wachanga kwa nusu, na hilo si dogo. Lakini vifo havikupungua, na watoto walipofika umri wa miaka minne, wenye mtindio wa ubongo walikuwa sawa pande zote mbili. Tafiti zikijumlishwa, wanaofungwa mashine hupasuliwa mara nyingi zaidi. Kwa mimba isiyo na matatizo, kile kibomba ambacho mkunga hubana kati ya sikio lake na tumbo la mama, alichokibuni Adolphe Pinard mjini Paris mwaka 1895, bado kinapendekezwa na WHO. Sharti ni kwamba kuwe na mtu wa kukishika.

Nani anasikiliza "hapana"

Sheria iko wazi kuliko tabia. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida na hatari zake, na vilevile haki yake ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa huko. Ridhaa ni lazima isipokuwa katika hali chache, kama dharura ambayo mgonjwa hajitambui. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba uchungu wa uzazi unamwondolea mtu akili. Hata hivyo fomu ya upasuaji katika hospitali zetu mara nyingine hupelekwa kwa mume au shemeji nje kwenye benchi, wakati mwenye tumbo yuko ndani, macho wazi.

Uingereza ililimaliza swali hili kwa uchungu. Mwaka 1996 mwanamke mwenye mimba ya wiki 36 na presha iliyopanda vibaya alikataa kulazwa na kuzalishwa. Alielezwa kwamba yeye na mtoto wanaweza kufa. Akaelewa, akakataa. Akawekwa chini ya sheria ya wagonjwa wa akili, akahamishiwa hospitali nyingine, mahakama ikatoa ruhusa bila yeye kusikilizwa, akapasuliwa. Mtoto alizaliwa hai. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba alikosewa: mimba haimpunguzii mtu haki ya kuamua juu ya mwili wake, hata uamuzi huo ukiwashangaza wengine. Mimi binafsi ningemsihi mwanamke yule hadi sauti inikauke. Lakini hukumu naikubali, kwa kuwa mwanamke akijua kwamba hospitali inaweza kumfunga, wa kwanza kukimbia hospitali ni yule aliye hatarini zaidi.

Kwetu kesi iliyofika mbali ina sura tofauti. Juni 2013 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Miezi miwili baadaye, mwanamke aliyefika hospitali ya umma ya Bungoma alianzishiwa uchungu kwa dawa, kisha akaachwa. Akajifungulia sakafuni, akitukanwa na kupigwa na wauguzi, na kuna aliyerekodi kwa simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba utu wake ulivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Watu huikumbuka kesi hiyo kwa makofi. Mimi hukumbuka kwamba aliyejifungulia sakafuni alikuwa amepewa dawa ya kuanzisha uchungu. Dawa ilipatikana, wa kumwangalia akakosekana.

Itakuwa uonevu kuwabebesha wakunga yote haya. Mkunga anayeacha kukata, kisha mama akachanika, ataitwa kujieleza. Aliyekata bila sababu ni nadra kuulizwa. Anayesubiri akiwa na vitanda vilivyojaa na wengine wamelala wawili wawili anaonekana mzembe kwa wenzake. Na wapo wazazi wanaoikataa dripu ya sista huku wamekunywa dawa ya miti shamba ya kuongeza uchungu waliyopewa nyumbani na mama mkwe, dawa isiyo na kipimo, inayoweza kukaza mfuko wa uzazi kama dripu au kuizidi. Mkunga hajui, hakuambiwa, na mtoto akichoka lawama ni zake. Anayetaka kuulizwa kabla ya kuguswa, naye aseme alichokunywa.

Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo kuanza kliniki, wiki nyingi kabla. Mwanamke mwenye sentimita nane hana nafasi ya kuendesha mjadala. Akiwa kwenye mahudhurio ya mwisho anaweza kuuliza: hapa kwenu mnamwongezea njia kila mzazi wa kwanza? Mkitaka kuniwekea dripu mtaniambia sababu? Naweza kuingia na dada yangu? Swali la dada lina uzito kuliko linavyoonekana. Mapitio ya tafiti 26 kutoka nchi 17, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa mwanamke mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na upasuaji hupungua. Wodi nyingi hazina mapazia, hivyo mume wa mmoja hawezi kuingia bila kuwaona wengine. Lakini mama mzazi, dada au jirani mwanamke anaweza, na ndiye atakayesema "subirini kidogo" wakati mwenyewe hawezi kusema.

Na huyo dada ajue pia mahali pa kutosema subirini. Machi 2022 ripoti ya Donna Ockenden kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford, Uingereza, ilieleza kwamba watoto 201 na mama tisa huenda wangenusurika kama wangehudumiwa ipasavyo. Moja ya sababu ilikuwa kung'ang'ania uzazi wa kawaida na kuchelewa kupasua, katika taasisi iliyojisifu kwa kuwa na upasuaji mdogo. Mapigo ya mtoto yakishuka na yasirudi, maji yakitoka ya kijani mazito, kichwa kikiumwa sana na macho yakiona giza kwa mwenye presha, damu ikitoka kabla ya mtoto, mjadala umekwisha. Tanzania imeshusha vifo vya uzazi kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 hadi 104, kwa tafiti za kitaifa za 2015/16 na 2022, katika kipindi ambacho wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sitaki mtu asome makala haya akabaki nyumbani.

Kuna kitu kimoja cha kila mzazi ambacho sioni sababu ya kukikataa: ile sindano ya paja mara tu mtoto anapotoka, yuniti 10 za oksitosini, dawa ile ile ya kwenye dripu. Hapo mtoto yuko nje, hakuna wa kubanwa, na mfuko unaokaza ndio unaozuia damu. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi wetu. Lakini hata hapo sindano peke yake haitoshi. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, uliweka, katika baadhi ya hospitali hizo, chini ya kila mzazi karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kupimia damu, pamoja na hatua za kuchukua palepale ikizidi. Katika hospitali zilizoendelea kukadiria kwa macho, karibu nusu ya waliotoka damu kupita kiasi hawakugunduliwa. Kwenye plastiki waligunduliwa 93 katika kila 100, na damu ya hatari, upasuaji wa kuizuia na vifo vitokanavyo nayo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Anayeandaa maswali yake ya kliniki aliongeze na hili: je, leba yenu inapima damu, au inaikadiria?